Jina Lisilokuwepo Ubavuni

Jumamosi, 2 Novemba 2019

Ukungu tangu asubuhi. Leo ni siku ya marehemu, tumekwenda makaburini mimi na mke wangu Lída na maua na mishumaa, tumepangusa kaburi la wazazi wangu, tumegombana nani alisahau kiberiti. Ni mimi, ila sikukubali.

Wakati wa kutoka tulipita kwenye msalaba mkubwa wa katikati, pale watu wanapowasha mishumaa kwa ajili ya wafu wao waliolala mbali. Bi Hrubešová alikuwa amesimama pale na fimbo yake, mshumaa wake umezimwa na unyevu. Nilimwashia kwa kiberiti cha kuazima.

"Bwana Injinia," akasema, "si wewe unayetengeneza vile vindege?"

Neno "vindege" liliniuma kidogo, lakini mama wa watu ana miaka themanini na saba, nikamsamehe. Akaniambia kwamba maktaba inafungua chumba cha kumbukumbu ya mji katikati ya Desemba na wamemwomba kitu cha kaka yake, Bohouš. Bohouš aliitoroka nchi Wajerumani walipoingia, akafika Uingereza, akawa mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege katika kikosi cha Wacheki wenzake. Ndege yao ilianguka baharini mwaka arobaini na moja, hawakuonekana tena.

"Sina kitu chake hata kimoja. Picha mama alizichoma Wajerumani walipokuwa wakipekua nyumba. Basi nikafikiri, nitengenezewe ndege yake. Na chini ya dirisha la rubani uandike Květuška, kwa rangi nyeupe. Ndilo jina langu la utotoni. Vita vilipoisha rafiki yake mmoja alitujia na chokoleti, akaniambia Bohouš aliliandika pale ili asinisahau."

Nikamwambia nitaitengeneza jinsi ilivyokuwa, hadi ribiti ya mwisho, kimsumari kwa kimsumari.

"Ribiti sizihitaji," akasema. "Nahitaji jina."

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefungua boksi la modeli. Wellington, ndege ya mabomu kama ya Bohouš, mara arobaini na nane ndogo kuliko ile halisi. Ndege hii mifupa yake ilikuwa kimia cha chuma, juu yake kikavutwa kitambaa, na kimia kilionekana kwa mbali tu jua likiipiga upande. Waliotengeneza boksi wamekichonga kwa kina mno, mabawa yamekuwa kama godoro. Nitasugua kwa msasa mpaka yatulie.

Jumanne, 5 Novemba

Msasa.

Jumatano, 6 Novemba

Msasa. Lída anasema vumbi limeingia kwenye sukari.

Jumamosi, 9 Novemba

Klabu ya modeli, chumba cha nyuma cha baa, kama kawaida. Tulikuwa watano. Evžen mchinjaji alileta modeli yake mpya, ndege ya Spitfire, kwenye boksi la viatu. Nilitoa tochi yangu ndogo nikaimulika, maana mwenyekiti ni mwenyekiti. Gundi imetiririka kila mahali, na juu ya bawa la kushoto kuna alama ya dole gumba zima zima, limekauka ndani ya rangi.

"Evžen, rubani wako huyu Wajerumani hawakumweza," nikasema, "kafinywa na Mungu mwenyewe."

Watu walicheka mpaka bia zikamwagika. Evžen naye akacheka. "Mwenyekiti, wewe ukifika mbinguni utawamulika malaika tochi ukague walivyobandikwa mabawa."

Akairudisha ndege kwenye boksi la viatu akaondoka baada ya bia ya kwanza. Evžen haondoki kabla ya ya nne. Nilidhani ana nguruwe wa kuchinja asubuhi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua. Injini zimekaa sawasawa. Mshono wa mgongoni hauonekani hata kwa kioo cha kukuzia.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku kubwa! Yule Mholanzi ninayeandikiana naye, anayekusanya picha za ndege zilizoangukia upande wao wa bahari, ameniletea picha mbili za ndege ya Bohouš kwa kompyuta. Ile ile, herufi zake zinasomeka. Moja ubavu wa kushoto, moja wa kulia, zimepigwa siku tatu kabla haijapotea. Unaona hata kiraka cha kitambaa nyuma ya bawa. Unaona ngazi. Nilipiga kelele mpaka Lída akaja mbio akidhani nimejikata.

Na chini ya dirisha la rubani hakuna kitu. Peupe. Yaani peusi, ndege ni nyeusi. Hakuna jina upande huu wala ule.

"Unaona?" nikamwambia Lída. "Miaka yote hii mama wa watu anaamini hadithi. Kesho namwonyesha."

Lída aliitazama picha, kisha akanitazama mimi. "Usimwonyeshe."

"Kwa nini? Ukweli ni ukweli."

"Radek, paka rangi, andika jina, nyamaza."

Nikamwambia hivyo ndivyo makosa yanavyoingia kwenye historia. Mtu mmoja ananyamaza, wa pili ananakili. Nimezisambaza picha kwenye ukurasa wa wapenzi wa modeli. Mpaka saa ya chakula watu sabini walikuwa wamenipongeza.

Jumapili, 17 Novemba

Sikukuu ya kupigania uhuru. Baada ya kuweka shada la maua tulikwenda wote ukumbi wa mji, kahawa na mikate ya kolache. Bi Hrubešová alikuwa meza ya wazee, pamoja na mkutubi na muuza mkate na watu wengine wengi. Nilikuwa nimechapa picha kubwa, karatasi nzuri. Nikaziweka mbele yake kati ya sahani.

Nilimweleza kila kitu. Nilisema kwa sauti, kwa sababu masikio yake yamepungua na kwa sababu, nakiri, meza ya pili walikuwa wanasikiliza. Nikaweka kidole chini ya dirisha la rubani. "Hapa, Bi Hrubešová. Hakuna kitu. Yule rafiki yake alikubembeleza tu kwa kuwa ulikuwa mtoto."

Alitoa miwani yake. Alitazama muda mrefu, si pale nilipoweka kidole bali huku mkiani. Akauliza, "Hii ni ya lini?"

"Siku tatu kabla."

Akakunja miwani, akairudisha kwenye mkoba. "Basi usiandike. Andika kilichokuwepo."

Mkutubi akanisifu mbele ya wote, akasema mji una bahati ya kuwa na mtu makini namna hii. Nilikula kolache tatu.

Jumatatu, 18 Novemba

Lída hasemi nami. Chakula kipo mezani. Yeye hayupo.

Jumanne, 19 Novemba

Amesema. Ingekuwa afadhali angenyamaza.

Mama yake Lída alifanya kazi na Bi Hrubešová kwenye tanuri la matofali, alijua mambo ambayo mimi, mzaliwa wa mji huu huu, sikuwahi kuyauliza. Bi Hrubešová, Květoslava enzi hizo, alikuwa na miaka kumi na saba, yuko chuo cha ualimu, wa kwanza darasani. Zamani zile Wakomunisti walikuwa wameshika nchi, na waliorukia upande wa Waingereza walikuwa wamegeuzwa wasaliti, hata waliokufa. Kamati ilimwita. Wakamwambia atie sahihi kwamba kaka yake alikuwa kibaraka, abaki chuoni. Akakataa. Wakamuuliza sababu, akasema: mtu aliyeandika jina langu kwenye ndege yake siwezi kumkana. Wakacheka. Akafukuzwa. Tangu hapo matofali, mpaka alipostaafu.

"Basi hilo jina," Lída akasema, "alilinunua. Nawe umekwenda kumwambia mbele ya mji mzima kwamba alinunua hewa. Huku unatafuna kolache."

Nilikwenda mezani kwangu nikakaa mbele ya ndege. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu niliupeleka mwenyewe, nimeuchapa kwenye karatasi nzuri. Naona aibu. Naandika neno hili kwa herufi zake zote: aibu.

Alhamisi, 21 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka. Sijagusa modeli.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda kwake na chupa ya slivovice, pombe ya plamu ya mjomba. Alifungua mlango. Chini, ukutani, zilikuwa ndara za wageni zimepangwa, jozi nne, kama nyumba yoyote. Nilianza kufungua kamba za viatu.

"Viatu viache," akasema.

Mtu aliyezaliwa hapa anajua maana yake: hukaribishwi ndani. Nilisimama kwenye jamvi na viatu vyangu vya matope, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi.

Nilimwomba radhi. Nikamwambia sikujua habari ya chuo, sikujua habari ya matofali. Aliniacha nimalize.

"Bwana Injinia, unafikiri ulinipa habari mpya?"

Sikuelewa.

"Nilipofika miaka ishirini nilikaa kwenye matofali yale nikafikiri. Mpiga bunduki wa mkiani, mdogo kuliko wote ndani ya ndege, aandike jina la dada yake puani, chini ya dirisha la rubani? Kwani rubani hana dada? Rubani hana mchumba?" Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nilijua. Lakini nilikuwa nimeshalipia. Kitu ulichokwisha kulipia unakaa nacho. Unakipangusa vumbi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuomba uliandike. Sikukuuliza kama lilikuwepo."

Nikamwambia nitaliandika, leo hii, kwa rangi nyeupe, mahali pale pale.

"Sasa? Sasa litakuwa sadaka." Akashika kitasa. "Jana muuza mkate amenipa mkate, akanishika mkono. Miaka arobaini nanunua kwake hajawahi kunishika mkono. Unajua ni mkono wa namna gani ule? Ule wa msibani."

Mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu kabisa. Chupa nimerudi nayo.

Jumapili, 24 Novemba

Mkutubi amenipigia kusema anataka kuziweka zile picha mbili ukutani, na maelezo yangu chini yake. Nikamwambia picha zina haki za watu. Uongo mtupu. Uongo wangu wa kwanza wa kumsaidia mtu, na hata huo umechelewa.

Jumatano, 27 Novemba

Nimejilazimisha kufanya kazi, kwa kuwa chumba kitafunguliwa kuwe na ndege au kusiwe. Nilifika kwenye kibanda cha kioo cha mkiani, kile cha bunduki nne, kiti cha Bohouš. Kipande kimoja hakikushika. Nikachukua supaglu. Mimi! Kila mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua supaglu haikai karibu na kioo cha plastiki, mvuke wake unatia ukungu mweupe usiotoka. Nimewasomesha watu hotuba nzima juu ya jambo hilo.

Baada ya nusu saa kibanda kizima kimekuwa cheupe. Ndani hakuonekani kitu. Na nilipokikamata kwa haraka nikitoe, nikaacha dole gumba langu juu ya rangi ya mkia, zima zima, na mistari yake.

Nilitazama lile dole muda mrefu. Nyani haoni kundule, lakini leo nimeliona.

Alhamisi, 28 Novemba

Evžen analo boksi kama langu, hajalifungua. Nilikwenda buchani kwake, nikasubiri wanawake wawili wahudumiwe soseji.

"Mwenyekiti! Leo hukuja na tochi?"

"Nimekuja na shida." Nikamweleza supaglu. Nilitegemea atacheka, nilistahili acheke. Hakucheka. Alipangusa mikono kwenye aproni, akapanda juu nyumbani, akarudi na kile kibanda cha kioo kwenye bahasha, amekikata vizuri.

"Chukua. Mimi ningekitia gundi tu."

Nikamwambia, "Evžen, ile Spitfire..."

"Ile Spitfire nilikuwa nimemtengenezea mke wangu. Alipenda rangi yake. Aliwahi kuiona kabla hajarudi hospitali." Alikuwa anapanga soseji zilizokwisha kupangika. "Lile dole ni lake, si langu. Alitaka kujua kama imekauka."

Mkewe tulimzika mwezi Septemba. Nilibeba shada la klabu mimi mwenyewe.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umewasha tochi, Radek. Watu wameshacheka. Ningesema nini?" Kisha, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Nasikia na yule mama ulimfanyia hivyo hivyo."

Nimerudi nyumbani kwa miguu kupitia njia ya nyuma ya bwawa, nisikutane na mtu. Miaka ishirini na minane nimekuwa mwenyekiti wa klabu ile. Sijui ni watu wangapi wameondoka na maboksi yao ya viatu baada ya bia moja, nami nikidhani wana nguruwe wa kuchinja.

Jumapili, 1 Desemba

Mshumaa wa kwanza wa Majilio. Lída ameoka biskuti za vanila. Nimemweleza habari ya dole. Aliweka mkono begani kwangu, mara ya kwanza tangu ile siku ya kolache, akasema, "Kula biskuti, mpumbavu wee."

Alhamisi, 5 Desemba

Mkesha wa Mtakatifu Mikuláš, anayewapa zawadi watoto wema. Vijana wamepita na ndevu za pamba, malaika mmoja na shetani mmoja mwenye minyororo, kutisha watoto wa jirani. Shetani alinikuta nje nazoa theluji kwa koleo. "Na wewe mzee, mwaka huu umekuwa mwema?" Watoto walisubiri nijibu. Nikasema hapana. Walicheka sana.

Ijumaa, 6 Desemba

Ndege imekwisha. Kibanda cha mkiani ni safi kama maji. Dole langu la mkiani nilikuwa nimelipiga msasa na kulipaka upya, sasa halionekani. Nilijiuliza kwa nini nililifuta upesi vile.

Nilipokuwa naweka kiti ndani ya kile kibanda niliona jinsi nafasi ilivyo ndogo. Najua ndege hii ilibeba galoni ngapi za mafuta. Sijui kama Bohouš alikuwa mrefu au mfupi. Katika mwezi mzima sikumuuliza dada yake swali hata moja juu yake.

Jumapili, 8 Desemba

Nimekwenda tena, ndege ndani ya boksi, bila chupa. Nilichukua na kisanduku cha rangi, maana safarini huwa kitu kinakwaruzika. Ndivyo nilivyojiambia. Alifungua mlango nusu.

"Sikuja kwa ajili ya jina," nikasema haraka. "Nimekuja kuuliza. Kaka yako alikuwa mrefu?"

Alinitazama. Mahali pale pale kwenye jamvi, matope yale yale.

"Kwa nini?"

"Kiti chake ni kidogo. Nimejiuliza miguu aliiweka wapi."

Kisha kwa ncha ya fimbo akasukuma jozi moja ya ndara kuelekea kwangu. "Vaa. Sakafu ina baridi."

Tuliiweka ndege juu ya meza ya jikoni, kwenye kitambaa cha plastiki chenye picha za cheri. Hakuangalia mabawa, hakuangalia mshono. Aliinama moja kwa moja mkiani, pua yake karibu na kioo.

"Anakaa hapa? Peke yake?"

"Peke yake. Wenzake wote wako mbele."

"Na mlango?"

"Nyuma ya mgongo wake. Vijilango viwili."

"Alikuwa mrefu," akasema. "Mrefu na mikono baridi, majira yote. Akija kunifunga kitambaa shingoni nilikuwa napiga kelele. Alikuwa na kigugumizi, ndiyo maana hakupenda watu wengi. Pengine huku nyuma kulimfaa." Aliendelea kuzungumza. Alimwigiza anavyopiga mluzi, anavyoiba unga wa keki kwa kidole. Chai ilipoa. Nilisikiliza, na kila alichosema kilinizidishia aibu, kwa sababu kilikuwa hapo tangu mwanzo, hatua chache tu kutoka nyumbani kwangu, nami nilimwandikia mtu Uholanzi.

Mwishowe aliona kisanduku changu. Kifuniko kilikuwa wazi. Juu kabisa kikopo cha nyeupe.

"Hiyo nyeupe ya kazi gani, Bwana Injinia? Ndege ni nyeusi."

Nilihisi uso unawaka. "Ya kazi yoyote utakayosema. Hata isiwe na kazi."

Alifikiri. "Jina langu halikuwepo."

"Halikuwepo."

"Na la kwake? Lilikuwepo mahali?"

"Hapana. Hawakuandika majina yao. Si kwenye hii."

"Mimi jina langu liko mlangoni, kwenye kengele uliyobonyeza sasa hivi. Siku nikifa litakuwa kwenye jiwe, nimeshachagua na herufi. Yeye wapi? Nawashia mshumaa msalaba wa watu wote." Akanyoosha mkono. "Nipe brashi."

Nilimpa ile nyembamba kuliko zote, ya manyoya, ambayo hata Lída haruhusiwi kuipangusa. Nikamkorogea rangi. Nikashika ndege kwa mikono miwili isitikisike. Ubavuni, karibu kabisa na kile kibanda cha kioo, aliandika polepole, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa shule: Bohouš. Herufi ya kwanza ni kubwa mno, za mwisho zimepanda mlima. Kwa kipimo cha ndege hiyo, zile herufi zinafika nusu mita. Tone moja liliangukia bawa la mkia.

"Limeharibika?" akauliza.

Nilitikisa kichwa.

"Basi tumedanganya, wote wawili," akasema, akanirudishia brashi. Kisha akainama tena kupuliza ile rangi, nami nikajikuta naangalia dole gumba lake lilipokuwa, nikitamani aguse aone kama imekauka. Hakugusa. Alinipa biskuti kwenye karatasi nimpelekee Lída.

Jumanne, 10 Desemba

Nilikwenda kwa Evžen nikamwomba ailete Spitfire kwenye maonyesho ya klabu, iwekwe meza ya katikati. Akasema atafikiria. Nikamwambia tochi nimemwachia mjukuu wa jirani. Akasema, "Utanunua nyingine." Pengine ananijua kuliko ninavyojijua.

Jumapili, 15 Desemba

Chumba kimefunguliwa. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, koti juu ya koti. Ndege iko katikati ndani ya kioo, na Bi Hrubešová aliwekewa kiti pembeni yake. Nilimwona muuza mkate anakuja kwa ule mkono wa msibani, akaona lile jina, akasimama, akaanza kumuuliza nani Bohouš. Bibi alikuwa anamjibu. Alimwigizia hata mluzi.

Kisha akaja bwana mmoja nadhifu, mwanaklabu wa modeli kutoka mji mkubwa, simjui. Alizunguka kioo mara mbili, akatoa tochi ndogo. Niliijua tochi ya namna hiyo. Nilijua na jinsi alivyosimama.

"Kazi safi sana," akasema kwa sauti, meza ya pili wasikie. "Kimia kimetulia vizuri. Ila, Bwana Mwenyekiti, hili jina hapa mkiani? Mwezi uliopita ulisambaza picha mwenyewe, ninazo hapa." Akainua simu yake watu waione. "Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. Hakuna jina popote. Na limepindapinda namna hii. Uliliona wapi?"

Mkutubi alinitazama, Lída alinitazama. Evžen, karibu na mlango, alikuwa anatazama viatu vyake, kwa kuwa yeye anajua kinachofuata tochi. Bi Hrubešová hakunitazama. Mikono yake ilikuwa juu ya kichwa cha fimbo.

"Nililiona likiandikwa," nikasema.

Bwana yule alicheka kidogo, akingoja nimalizie utani. Akatazama simu, akatazama ndege. Ndipo Bi Hrubešová aliposema, kwa sauti yake ya kawaida, "Limepinda kwa sababu nimezeeka, bwana. Ningeliandika nikiwa na miaka saba lingenyooka."

Watu wakacheka, kicheko chema, na yule bwana akawa mwekundu kuanzia kola mpaka masikio. Simu aliitia mfukoni. Hakujua asimame wapi. Hakuna mtu aliyemsogelea, na mimi nilijua ule wekundu ulivyo kutoka ndani.

Nilimmiminia kahawa, nikampelekea mwenyewe kule dirishani. Aliipokea. Akauliza polepole, mdomo karibu na kikombe, "Yule bibi ni nani?"

Nikamwambia.

Kahawa hakuinywa. Aliishika tu mpaka ikapoa, nami nilikaa naye.